Tangu Nilipoacha Kufagia Makaburini

Gazi,
Msambweni, Kwale.
9 Mei 2025

Mpendwa Kaka Mbarak,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumai joto la Maskati halijakulemea, na kwamba wifi yangu Maimuna amepona mgongo. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Masika yametushika barabara. Nguo hazikauki, lakini mihogo imependeza na mume wangu Iddi hana la kulalamikia ila matope.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tungekatizana maneno, na mimi nikikasirika husema nisiyoyataka. Barua anakuletea Shutu, yuleyule aliyekuambia kwamba makaburi ya wazazi wetu nimeyatupa. Nimeifunga kwa gundi.

Kwanza nikiri. Fundi Tsuma, uliyemwagiza apige sakafu uwanja wote wa makaburi kabla ya Idi, alifika Jumatatu na mchanga wake na saruji. Nilimpa chai na mahamri, kisha nikamrudisha. Usimlaumu yeye.

Unaukumbuka ule mbambakofi unaowatilia baba na mama kivuli. Upande wa baharini umekauka tangu mwaka juzi. Mama alituusia pale pasikose kivuli, nawe ulikuwapo. Kila mwaka mti unamwaga mbegu zake nyeusi zenye vikofia vyekundu, zile tulizochezea bao, na kwa miaka tisa ya kuyatunza makaburi sikuona hata mche mmoja. Nilidhani mti umechoka kuzaa.

Mwaka jana Twaiba, binti wa shangazi Mwanaima anayetunza miche ya mikoko hapa Gazi, alikuja tusome Yasini. Tulipomaliza akachukua kijiti, akakichoma ardhini karibu na kaburi la mama. Kikavunjika. Akanivuta hadi msituni, hatua ishirini tu, akachoma kingine kikazama chote. Udongo wa kule ni mweusi, mwororo, una harufu ya majani yaliyooza, na miche ya mbambakofi imejaa. Mti ni uleule, mbegu ni zilezile.

"Dada, pale umeshapiga sakafu bila saruji," akaniambia.

Unajua, kaka, tulivyolelewa: pa mzazi hufagiwa mpaka pang'ae, na jani moja likibaki watu wanakusema. Nami nilifagia kwa ufagio wa mama mwenyewe, kila Ijumaa, majani nikayachoma moto, na hayo ndiyo yangekuwa udongo. Ardhi ikawa ngumu, mvua ikawa inapita juu na kwenda zake, mzizi mchanga hauna pa kuingia. Na vichipukizi vilivyojaribu kuota, nilivifagia mimi bila kujua. Iliniuma sana.

Basi nikaacha. Makaburi yenyewe nayasafisha kwa mkono, lakini pembeni majani yanalala yanapoanguka. Ndiyo takataka aliyoiona Shutu. Nimesemwa kisimani na harusini mwaka mzima nikanyamaza, lakini maneno yako wewe yaliniliza.

Wiki iliyopita, baada ya mvua kubwa, niliinua majani nikakuta miche mitatu. Mmoja umefika kwenye kifundo cha mguu wangu. Sikumwita mtu, nilikaa nao tu hadi adhuhuri ikaadhiniwa.

Sikuombi radhi kwa kumrudisha Tsuma. Nakuomba usimtume tena. Sakafu itang'aa, najua, na kila apitaye atasema wazazi wetu wana mtoto Maskati. Lakini mti huu ukianguka watabaki juani, na hapatakuwa na wa kushika zamu yake.

Shangazi Mwanaima anakusalimu sana, Iddi pia, na Twaiba anauliza kama huko kuna miti. Nibusie wanao. Mola akupe afya, akufungulie riziki, akurudishe nyumbani salama.

Na siku utakapokuja kuwazuru wazee, kaka, pita upande wa vichwani. Miguuni pa mama pameota.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukinikasirikia,
Mwanapili