Uso wa Baba Njia Panda ya Soko

Baba,

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo usinikatize.

Wamekuweka kwenye bango, hawa wa kampuni ya simu. Pale njia panda ya soko, hapa Mocímboa, mkubwa kuliko mlango wa msikiti, unacheka. Unamkumbuka yule mpiga picha aliyekuja vita vilipotulia, tuliporudi kutoka ukimbizini Pemba, hii yetu ya Msumbiji? Alikukuta barazani na gazeti la Mtwara lililofungia vitunguu, unajaza fumbo la maneno. Ulidhani anakupiga picha kwa ajili ya habari. Gazeti wamelifuta, Baba. Mkononi wamekutia simu, wewe ambaye hata kuiwasha ulikuwa unaniita mimi. Chini wameandika: "Tumerudi. Tunaongea."

Nani anaongea? Siku uliyobanwa na kifua nilizunguka uani nimeinua simu juu, natafuta mtandao wao huohuo niite gari la hospitali. Haukuwepo. Ulikata roho mimi bado nasema "aló, aló".

Kwenye mafumbo yale tulibishana sana. Majibu yalitoka gazeti la kesho yake, na hilo halikuwahi kufungia kitu chetu, basi jibu lilikuwa lile tulilokubaliana sisi wawili. "Picha kubwa ya biashara barabarani." Bango, nikasema, ukaandika. "Anayesema kwa niaba ya watu." Nikasema mbunge, ukakataa: "Huyo anasema kwa niaba ya tumbo lake, mwanangu. Tafuta mwingine." Vijumba vile tukaviacha wazi. Nilicheka mpaka Mama akatufukuza barazani.

Sasa huyo Mama. Alikaa eda yote ndani kwa heshima yako, hata dirishani hakuchungulia. Siku ya kutoka tulimvisha kanga mpya, dada zako wakamshika mkono kwenda sokoni. Kufika njia panda akainua macho. Hakulia. Aligeuka, akarudi nyumbani, akafunga mlango. "Mume wangu nimemzika," alisema. "Yule anayenichekea pale ni nani?" Hajatoka mpaka leo. Na watu wanapita chini yako wakinunua nyanya.

Nilikwenda kwa chefe wa bairro, mkubwa wa mtaa wetu. "Mana, dada yangu, hiyo ni publicidade tu, tangazo la biashara," akaniambia. "Furahini, mzee amekuwa maarufu." Nilitamani kumtemea mate. Nikaenda ofisini kwa wenye bango, wakasema wakubwa wenye uamuzi wako Maputo. Nitawapataje? Wakasema, piga simu.

Basi kesho, soko likishajaa, nitaegemeza ngazi mbele ya kila mtu na nitakupaka chokaa, kuanzia kwenye paji la uso. Wakinikamata, wanikamate. Itaniuma nikifika machoni, Baba, maana picha zako zote ziliungua na ile nyumba ya zamani iliyochomwa vitani. Sina nyingine. Nitapaka hivyohivyo, halafu nitarudi kumchukua Mama tupite pale pamoja.

Mungu akulaze pema. Nakuahidi Mama atatoka.

Mwanao,
Zainabu