Radi Aliyeitwa Anselmi

Mjukuu wangu Neema,

Huku Wete hatujambo. Karafuu ziko juani, babu yako anazilinda na mvua, na mguu wake umepoa. Nawe huko Mwanza, kwema?

Umeuliza kama yule mwimbaji aliyefariki, anayeliliwa na nchi nzima, naye atasimama hukumuni kama sisi. Hata mimi kifo chake kimenitetemesha.

Nilipokuwa msichana alikufa ghafla mpiga gitaa wa kutoka bara, tukimwita Radi. Kisiwa kizima kilimjua. Hata jirani zetu Waislamu walifurika nje ya kanisa letu dogo siku ya maziko. Padri akaanza, "Bwana, mpokee mtumishi wako Anselmi." Tukatazamana. Bi Sharifa, jirani yetu, akaninong'oneza, "Mwanangu, kwani wamekufa wawili?"

Miaka yote ile nilimpigia makofi, kumbe jina atakaloitwa mbele ya Mungu sikulijua!

Kama yuko mbinguni, sijui. Hakimu si mimi. Ila tangu nisome barua yako situlii. Huku wote wananiita Bi Mwalimu, nami jina hilo nimelizoea mno. Siku nikiitwa Veronika, nitaitika?

Bibi yako