Macho Hayakungoja Eda

Mama,

Shikamoo. Asubuhi nimeiamkia picha yako ukutani, kisha nikaikasirikia kwa kuwa haikuitikia. Ndivyo nilivyo tangu utuache, nagombana hata na kuta.

Habari si njema. Shemeji Hamisi naye ametutoka, na Dada Mwanakombo yumo edani hapa Waa, katika chumba kile kile ulichokalia eda ya Baba. Sukari yako ameirithi, na imeshaanza kumla macho. Zamu yake ya sindano ya jicho kule Msambweni imeangukia ndani ya eda. Amekataa kwenda.

"Mama alikaa," aliniambia, "nami nitakaa."

Nikaenda kliniki peke yangu kumwuliza muuguzi kama jicho huweza kusubiri. Muuguzi yule ana subira, alinieleza kama anayemfundisha mtoto. Mwili, alisema, una protini zake wenyewe zinazozuia mishipa mipya ya damu isiote ovyo. Ndiyo maana kioo cha mbele ya jicho hakina mshipa hata mmoja, nasi tunaona. Mimi protini nilizijua za kunde na mayai tu! Sasa sukari ikiziba mishipa midogo nyuma ya jicho, jicho huona njaa, likaita damu. Mwito ukizidi, zile protini hushindwa kuuzuia. Mishipa mipya huchipuka, dhaifu, inavuja. Sindano huunyamazisha mwito ule kwa muda, ndiyo sababu hurudiwa, na ukichelewa mishipa haikungoji.

Nililia pale kwenye benchi, Mama. Niliikumbuka siku ile ulipotuambia unaona utando wa buibui unaelea, ukanituma nichukue ufagio. Nikafagia dari yote. Dari ilikuwa safi. Kumbe ilikuwa damu, ndani ya jicho lako.

Wakati wa kurudi nikapita kwa imamu. Akasema matibabu ni haja, mjane atoke mchana, usiku alale kwake. Kisha akastaajabu: "Mbona mama yenu hakuniuliza?" Hukuuliza. Ulisema, "Mume hafi mara mbili, macho yatangoja," na nyumba nzima ikakuona mke mwema. Hakuna aliyedhani kuna la kuuliza.

Nilidhani maneno ya imamu yatamaliza kazi. Wapi! Dada alisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukutani.

"Nikitoka, ndiyo kusema Mama alipofuka bure."

Nilimkasirikia, nikakukasirikia na wewe uliye kaburini, kisha nikaona haya nikaenda kuchota maji.

Jana akataka kazi ya kushika mikononi. Nikamtolea mkeka wako uliouacha haujaisha, pamoja na ule ukili wa mwisho uliousuka kwa kupapasa, mpaka ukatia miyaa ya ukindu myeusi penye myekundu. Uliukatalia katakata usifumuliwe. "Mimi najua nilichosuka," ulikuwa ukisema, nasi tukicheka chini chini.

Dada akaukunjua dirishani. Akauleta karibu na uso, akausogeza mbali, akaupeleka tena kwenye mwanga.

"Hii nyekundu inaishia wapi?" akaniuliza.

Nikaushika mkono wake, nikauweka mahali penyewe. Kidole chake kilikuwa kimepita shibiri nzima. Alikaa na ukili mapajani hadi adhana ya alasiri, na mimi sikuthubutu kuondoka pale ubavuni pake. Kisha akasema, kwa sauti yako kabisa, "Nitolee buibui langu, ulikunjue lisikae na mikunjo."

Kwa hiyo kesho tunakwenda, baada ya sala ya alfajiri, na kabla ya magharibi atakuwa chumbani mwake. Muuguzi hakutuahidi kuwa ataona kama zamani. Ninaogopa, Mama. Nimeshamwongoza mtu mmoja kwa mkono katika ua huu, nikimhesabia vizingiti, na sina moyo wa kumwongoza wa pili.

Nakuahidi kila zamu nitampeleka, hata akinitukana njia nzima. Na hatutamruhusu mtu aseme ulipofuka bure. Ulipenda, hukuuliza, basi.

Pumzika, Mama yangu. Mola akupe nuru huko uliko. Mkeka wako tutaumaliza mimi na Dada, na pale ulipokosea hatutafumua.

Mwanao,
Mejumaa