Biblia Uliyoniomba Mara Tatu

Kwako Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na mpwa wangu, nikitumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi nina mgongo unaouma kwa kuinamia meza ya pasi, na hasira isiyo na pa kwenda. Mama ni mzima. Goti lake limepoa tangu aanze ile dawa ya kuchua uliyomtumia, ila ameanza kuwagawia majirani, kwa hiyo usishangae ukiombwa chupa nyingine kabla mwezi haujaisha. Wifi yako anakusalimu sana. Anasema ile miwani uliyompimia inamfaa, sasa anaona vumbi ambalo zamani hakuliona, na anayeambiwa alifute ni mimi.

Barua yako ya tatu nimeipata. Umeniuliza tena iliko Biblia ya Baba, na safari hii hukuuma maneno. Umesema Mama alikudokeza kwamba Baba alikuwa akiandika maswali yako pembeni mwa kurasa, kwa penseli, na unataka kuona kwa macho yako kama aliliandika lile swali la siku ile kanisani. Ukasema kama hakuandika kitu, basi utajua la kuamini kuhusu Baba, na hutaniuliza tena. Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi kuliko nilivyotaka. Nitakujibu, ila nivumilie, maana lazima nianzie mbali kidogo ndipo uelewe kwa nini nimekuwa nikikupiga chenga.

Unajua kwamba baada ya mazishi wazee wa kanisa waliniomba nishike nafasi ya Baba katika kikundi cha kujifunza Biblia cha Jumanne. Nilikubali kwa sababu sikujua namna ya kukataa. Tunakutana hapa dukani jioni nikishafunga, watu saba kwenye mabenchi mawili, katikati ya nguo za wateja zilizotundikwa, kiasi kwamba anayeomba akiinua mikono anashika suruali ya mtu. Tumepewa kijitabu chenye nafasi za kujaza. Unasoma aya, unajaza neno linalokosekana, unageuza ukurasa wa nyuma kwenye majibu, unajipa alama ya vema. Tulimaliza waraka mzima wa mtume kwa majuma mawili, na ukiniuliza leo ulisema nini nitakutazama tu.

Anayenimaliza zaidi ni jirani yangu kinyozi. Tumempa jina la Kaseti, kwa kuwa ukimgusa anaanzia pale pale alipoishia. Mtu akiuliza jambo, kabla hajafika mwisho Kaseti keshajibu kwamba imani haihitaji maswali, na kwamba shetani huingilia kichwani. Na huyo huyo akienda kununua mashine ya kunyolea huuliza maswali mpaka muuzaji anatamani kufunga duka. Wenzake wanaitikia amina, kalamu zinakwenda, na saa moja haijaisha tumemaliza sura tatu. Mimi nawapeleka mbio kuliko wote, kwa sababu nguo za harusi zinanisubiri na kwa sababu, niseme ukweli, swali likija sina la kusema.

Halafu namkumbuka Baba, nachukia zaidi. Alivyokuwa akituchosha! Mistari mitatu au minne kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake cha viatu, Biblia ikiwa kwenye benchi lile lile la gundi na misumari, kisha anashinda na swali moja siku nzima kama mtu mwenye punje ya mchanga kwenye kiatu. Mteja kaja kufuata kiatu chake, anaulizwa yeye anaonaje, kwa nini Yesu alilia kaburini kwa rafiki yake ilhali alijua atamfufua. Wenzetu kanisani walikuwa wakimaliza Biblia yote kwa mwaka na kutangazwa mbele ya watu. Baba mwaka mzima yuko Mwanzo. Mimi nilikuwa naona aibu. Wewe ulikuwa unavuta kigoda na kukaa naye, unamwongezea maswali, ndipo akakuita Bi Kwanini.

Siku ile kanisani nilikuwa na miaka minane, wewe kumi na mmoja, lakini naikumbuka vizuri. Mhubiri alieleza habari za yule baba na wanawe wawili, mdogo aliyepotea akarudi, mkubwa aliyekasirika akabaki nje wakati ndani watu wanashangilia. Alipouliza kama watoto wameelewa, wewe ulisimama ukauliza kama yule kaka mkubwa mwishowe aliingia. Mhubiri akasema mtoto mwenye adabu haulizi yasiyoandikwa, akakuamuru ukae. Watu wakacheka. Baba alikuwa kwenye benchi la wazee, akainama akatazama viatu vyake. Ulirudi nyumbani ukiwa umetutangulia, hukugeuka hata mara moja. Wanaouliza hapa mtaani kwa nini wewe huendi kanisani nawajibu kwamba una kazi nyingi, lakini najua ni wapi ilipoanzia.

Sasa, Jumanne tatu zilizopita kijitabu kilitufikisha kwenye habari hiyo hiyo. Kuna mama mgeni kikundini, nesi wa wodi ya watoto, huja na sare yake ya kazi na viatu vyake vyeupe, amechoka, anakaa karibu na mlango. Hajawahi kusema neno. Siku hiyo akaweka kalamu chini akauliza, "Hivi yule kaka mkubwa, mwishowe aliingia?"

Dada, ni swali lako lile lile. Kaseti akaanza mambo yake. Yule nesi akamwacha amalize, kisha akasema kwa upole tu kwamba kaka yake hajakanyaga kwao mwaka wa sita huu, kwa hiyo haulizi kwa mchezo. Wote wakanitazama mimi. Nami nikasema, "Tuendelee na nafasi namba nne."

Sikumfokea. Nilitamka kwa sauti nzuri kabisa. Akaokota kalamu yake akajaza namba nne, na Jumanne iliyofuata akaja, akajaza zote, hakuuliza kitu. Kilichoniuma ni ule utii wake. Juma zima niliunguza kola za watu, nikamgombeza wifi yako kwa jambo lisilomhusu, nikagombana na bomba la maji. Sikuwa na hasira na Kaseti. Nilikuwa na hasira na mtu aliyefanya jambo ambalo wewe hujalijua, na sasa nakuambia.

Biblia haipo kwa fundi wa kufunga vitabu, kama nilivyokujibu barua zako mbili za kwanza. Nilikudanganya. Haijawahi kupelekwa kwa fundi yeyote. Iko hapa kwenye rafu, nyuma ya sabuni.

Mwaka jana, kabla ya ile ibada ya kumkumbuka Baba ambayo wewe hukuja, Mama alitaka Biblia yake iwekwe kwenye meza mbele ya kanisa. Akanipa akasema, "Isafishe, watu wataishika." Alikuwa na maana ya jalada, maana unajua lilivyokuwa limejaa gundi na rangi ya viatu. Nililisafisha jalada likatakata. Kisha nikaifungua. Kila ukurasa una penseli. Alama za kuuliza, tarehe, maneno mawili matatu. Nyingine kazizungushia duara, nadhani ni zile alizopata kitu cha kumtuliza. Nyingi hazina duara. Na penye maswali yako kaandika jina lako, Bi Kwanini, toka utoto wako mpaka miaka ambayo ulikuwa umeshaondoka.

Ungekuwa wewe ungelia kwa furaha. Mimi niliogopa. Niliona wazee wakipekua, Kaseti akisoma kwa sauti, watu wakinong'onezana kwamba mzee wa kanisa kumbe alikuwa na mashaka miaka yote hiyo. Nikatafuta kifutio. Siku mbili mchana kutwa, kwenye meza hii ya pasi, nilifuta kuanzia Mwanzo mpaka Ufunuo, kwa bidii ile ile ninayotolea madoa, na nikijivunia. Ule unga wa kifutio niliupangusa kwa brashi ya makoti. Siku ya ibada watu waliisifu Biblia ilivyo safi.

Mzee aliyenifundisha udobi alikuwa na sheria moja, na mimi huwaimbia wateja kila siku: doa haliguswi kabla hujamuuliza mwenye nguo ni la nini. La damu linataka maji baridi. Ukilimwagia ya moto umelipikia humo humo. La kutu lina dawa yake, la wino lina yake. Mteja akileta hata tone la chai kwenye mkono wa shati, nauliza. Biblia ya baba yangu mzazi sikuiuliza kitu. Sikumuuliza Mama. Sikukuandikia wewe, ambaye jina lako lilikuwa humo.

Na usije ukadhani nilifuta bila kusoma. Hapo ndipo penye kosa langu lenyewe. Penye habari ya wale wana wawili niliinama nikasoma neno kwa neno. Baba aliandika, kwa ile herufi yake ndogo ya kuegemea: "Bi Kwanini kauliza vizuri. Mimi niliogopa watu, nikanyamaza." Tarehe ni ya jioni ya siku ile ile. Chini yake kuna tarehe nyingine nne, za miaka mbalimbali, na mbele ya kila moja kaandika neno moja tu, "Bado." Ya mwisho ni ya mwaka aliofariki. Hakuna duara.

Nilisoma, nikaelewa, nikafuta. Nilisema moyoni kwamba hakuna haja ya watu kujua kuwa Baba aliogopa. Kumbe aliyekuwa akiogopa watu dakika ile ni mimi. Nilisugua pale kwa nguvu kuliko penginepo, mpaka kona ya ukurasa ikachanika.

Ulipoanza kuiomba, nilifikiria kukutumia hivyo hivyo, safi, nikae kimya. Ungepekua usione kitu, na ungeamini kwamba aliinama akatazama viatu siku ile na hakukukumbuka tena. Barua yako ya tatu ndiyo iliyonizuia. Kukufutia penseli lilikuwa kosa moja. Kuiacha Biblia tupu ikushuhudie uongo kuhusu Baba, hilo nisingeweza kulibeba.

Juzi nilichukua penseli niyarudishe maneno yake mahali pake. Nilishindwa. Ungekuwa mwandiko wangu, na wewe si mtu wa kudanganywa kwa mwandiko. Kwa hiyo naituma ilivyo. Iweke barua hii kwenye ukurasa huo, ndiyo ushahidi pekee uliobaki. Ukiulaza ukurasa ubavu kwenye mwanga wa dirisha, utaona mikwaruzo pale penseli ilipokandamiza. Mimi nimeweza kuiona B na mkia wa alama ya kuuliza. Labda kwa zile lenzi za kazini kwako utaona zaidi.

Mama nilimwambia leo asubuhi, tukiwa tumeshika shuka la mteja, yeye upande wake, mimi wangu, tunakunja. Aliendelea kukunja mpaka shuka likaisha. Kisha akasema kwamba yeye aliniambia nisafishe jalada, na kwamba nisile chakula cha mchana kabla sijakuandikia. Sasa ni saa tisa na njaa inanisokota.

Kikundini nako Jumanne hii niliviweka vijitabu kando. Nilimwomba nesi msamaha mbele ya wote, nikasema swali lake nililikimbia, na kwamba aliyeliuliza kwanza ni dada yangu, na marehemu baba yetu alilibeba mpaka mwisho wake bila kulipatia jibu. Usidhani mambo yalikuwa mazuri. Tulikaa saa nzima kwenye mistari minane. Wawili wamesema watatafuta kikundi kingine kinachosonga mbele. Kaseti alinuna, ila alipokuwa anaondoka aliniomba nimsomee tena pale yule baba anapotoka nje kumsihi mwanawe, akasikiliza, akaenda zake bila hotuba. Mimi mwenyewe nilikuwa natazama saa kila dakika. Subira ya Baba sikurithi. Lakini hakuna aliyegeuza ukurasa wa nyuma kutafuta jibu.

Nikasirikie kadiri utakavyo, na usiniharakishie msamaha ili kunituliza. Ukitaka kunifokea, Jumanne jioni napatikana, mlango unabaki wazi kwa sababu ya joto la pasi.

Nimefunga pamoja na Biblia kile kipande cha penseli ya Baba, nilikikuta kimejificha ndani ya mgongo wa jalada, kimechongwa kwa kisu cha viatu. Hakijaisha. Chini ya ile tarehe yake ya mwisho pana nafasi ya mstari mmoja, na hapo mimi sijaandika kitu.

Nisalimie shemeji. Mpwa wangu mwambie mjomba wake anamkumbuka, na akikuuliza maswali yake yale yasiyoisha, usimkatize. Mama anakubusu na anakumbushia dawa ya kuchua. Wifi yako naye anakuaga.

Ni mimi mdogo wako, niliyefuta,

Dobi