Mama yake Kabula

Kihesa, Alhamisi

Fedha za mradi nimepata, na sina raha nazo.

Chuo kimeanzisha mfuko kwa wahadhiri wanaotaka kutoka madarasani na kushughulikia shida za watu. Leo nilikwenda kuieleza kamati habari za maji ya kunywa kule Usangu. Niliwaonyesha picha ya mama mmoja wa Kisukuma ameshika ndoo, nikasema, "Huyu mama hana kitu. Hana hata mtu wa kumsemea." Walinikubalia palepale.

Nje alikuwa ananisubiri Kabula, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekuja kusikiliza.

"Shikamoo, madam. Yule ni mama yangu."

Nilidhani anatania.

"Ulilala kwetu. Alikuchinjia kuku. Ng'ombe wake ndio wanaonisomesha."

Kweli. Zizi nililiona. Picha niliikata makusudi ili lisionekane. Maji yao ni machafu kweli, hilo halikuhitaji uongo.

Nikamwomba niongee na mama yake nimtake radhi. Akapiga simu, akanipa.

"Mwalimu!" Sauti ya mama ilijaa furaha. "Siku ile hukula vizuri. Unarudi lini?"

Nikasema hivi karibuni. Nikamshukuru kwa ukarimu wake. Lile neno la kuomba radhi...halikutoka.

Kabula alikuwa ananitazama. Alichukua simu yake, akamwambia mama jambo kwa Kisukuma, taratibu. Sikuelewa hata neno moja, na sikuthubutu kumuuliza.