Tiva Wawili wa Ploti Yetu

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa hapa mtaani Kware. Asubuhi nimesikia ndege tiva akiimba kwenye ua wa jirani, nikaacha nguo kwenye beseni.

Unakumbuka ploti ya Kitengela, miaka ile ya tisini, ikiwa kichaka kitupu? Mama alikuwa amerudi kwao Mwala na mtoto, mdogo wangu. Alikuambia, "Mimi siwezi kulea mtoto na nyoka." Shule zilipofungwa, tukabaki mimi na wewe katika kale kachumba ka mabati.

Kila asubuhi kichakani kulisikika kitu kama kengele, kisha mkwaruzo. Nikakuambia, "Hiyo ni ndege moja iko na sauti mbili." Ukacheka. "Simama hapa, mimi niende upande ule." Kengele ikalia kwako, mkwaruzo ukajibu kwangu, bila hata nafasi ya pumzi katikati. Walikuwa tiva wawili, weusi mgongoni, weupe kifuani, wajanja wa kujificha.

Ulipokuwa ukifyeka, ukakuta kiota chao, kibakuli cha vijiti chenye makinda mawili. Ukaweka panga chini. Siku nzima tuliwachungulia wakipokezana kuleta viwavi.

Halafu nyoka akapanda kuelekea kiotani. Ukainua panga, lakini ndege walishamzingira, ukaogopa kuwakata. Mmoja alimdonoa mkia. Nyoka akigeuka, mwingine anamrukia kichwani. Viumbe vya kutoshea kiganjani, Baba! Nyoka akateleza chini, akaenda zake.

Ukaketi palepale kwenye udongo.

"Umeona, Mwende?"

"Nimeona, Baba."

Machozi yalikuwa yanakutoka. Sikuwa nimewahi kukuona hivyo.

Kesho yake ulinyoa ndevu, ukavaa shati la kanisa, tukaenda Mwala. Nilidhani utaanza na habari za ploti. Ulisimama mbele ya nyanya na wajomba, ukamwambia Mama, "Nilikuacha peke yako na hofu yako. Nisamehe." Mama akanipa mtoto nimbebe, akaingia ndani kufunga mizigo.

Sasa ni miaka mitatu tangu tukuzike. Siku ile watu walisifu nyumba uliyojenga. Mimi nilitaka kusimama niseme kwamba nilimwona baba yangu akiomba msamaha mbele ya wakwe zake. Kilio kikanizuia. Ndiyo maana nimeandika.

Lala salama, Baba.

Kifungua mimba wako,
Mwende