Mama kazima pampu ya samaki

Talal, Mama kanizimia pampu ya hewa kwenye bwawa la samaki! Ati upepo wa Januari unawatia mafua.

Mafua, yakhe! Samaki!

Natoka uani nawakuta wote juu ya maji, midomo wazi, wanakufa. Yeye kashika chetezo, anawafukiza ubani. "Unaona, Majid? Pua zimewaziba."

Nikamwambia, Mama, hawana hewa! "Hewa ndiyo iliyowaumiza."

Nikaiwasha. Baada ya muda wakashuka, wakaanza kuogelea. Mama akapiga vigelegele: "Ubani huo!" Kisha akaizima tena, ati wagonjwa wapumzike.

Wapumzike!

Nimeiwasha, na sasa nimekaa mbele ya swichi, sinyanyuki. Mama kenda kuniletea blanketi, ati na mimi upepo utanipata.